Namna ya Kuainisha Mishahara na Bonasi Katika Programu ya Mishahara

Programu ya mishahara haitambui bonasi kwa jina lake. Mhasibu anapoandika "Bonasi ya Mwisho wa Mwaka" katika ukurasa wa kuongeza aina mpya ya malipo, programu huyapokea maneno hayo kama maandishi ya kuchapishwa kwenye hati ya mshahara. Kodi itakatwa kwa njia gani, michango ya hifadhi ya jamii itakokotolewa juu ya kiasi gani, malipo ya likizo yatapanda au yatabaki palepale, na gharama itaandikwa katika akaunti ipi ya leja, yaani kitabu kikuu cha hesabu, yote hayo huamuliwa na visanduku vilivyo chini ya jina, ambavyo mara nyingi hujazwa kwa haraka mfumo unapoanza kutumika na baadaye havitazamwi tena. Mwongozo huu unahusu namna ya kuvijaza visanduku hivyo kwa uangalifu, kwa sababu kosa moja hapo hujirudia kila mwezi kwa kila anayehusika, na wa kwanza kuumia ni mfanyakazi anayeutegemea mshahara huo.

Kipengele cha malipo na misingi yake

Karibu kila programu ya mishahara hujengwa juu ya vipengele vya malipo. Kila kipengele hupewa msimbo, jina na kundi kuu: stahili ya mfanyakazi, makato, mchango wa mwajiri, au manufaa yasiyo ya fedha ambayo thamani yake huandikwa kwa ajili ya kodi tu. Kisha huwekwa njia ya kukokotoa, ambayo inaweza kuwa kiasi kisichobadilika, kiwango kinachozidishwa kwa saa au siku, asilimia ya kipengele kingine, au fomula. Mwisho huwekwa alama zinazoonyesha kipengele hicho kinaingia katika misingi ipi.

Msingi ni jumla ambayo programu huitumia kufanyia hesabu nyingine. Upo msingi wa kodi ya mapato, msingi wa mchango wa pensheni, msingi wa bima, msingi wa malipo ya likizo, msingi wa kiwango cha saa za ziada, na msingi wa kiinua mgongo. Mshahara wa msingi kwa kawaida huingia katika yote. Kamisheni inaweza kuingia katika minne na kukosekana katika miwili, na marejesho ya nauli huenda yasiingie katika wowote. Kwa hiyo nashauri kanuni moja itangulie nyingine zote: malipo yenye majibu yaleyale katika misingi yote yanaweza kutumia kipengele kimoja, lakini malipo yanayotofautiana hata katika msingi mmoja tu lazima yapewe vipengele tofauti, hata kama ofisi nzima huyaita yote bonasi. Wapo wanaoogopa orodha ndefu ya vipengele. Orodha ndefu inachosha macho, lakini orodha fupi inayochanganya malipo ya aina mbili humlazimisha mhasibu kurekebisha kwa mkono kila mwezi, na marekebisho ya mkono ndiyo yanayosahaulika siku mhasibu huyo anapokuwa likizo.

Kuorodhesha kabla ya kufungua programu

Kusanya mikataba ya ajira, mkataba wa hali bora (makubaliano ya mwajiri na chama cha wafanyakazi) kama upo, nyaraka za uongozi kuhusu posho, na vocha za malipo za mwaka mzima uliopita, kisha andika kila kitu ambacho mfanyakazi amepokea kutoka kwa mwajiri kwa sababu ya ajira yake. Vocha zina umuhimu mkubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa malipo yanayoleta taabu wakati wa ukaguzi ni yale yaliyopita kando ya programu: zawadi iliyotolewa kutoka kwenye fedha za matumizi madogo, ada ya shule iliyolipwa na mwajiri moja kwa moja, au nyumba ambayo mfanyakazi anakaa bila kulipa pango.

Kipimo kizuri cha kuamua nini kiingie katika orodha hiyo kimo katika Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951, unaohusu malipo sawa kwa wanaume na wanawake wanaofanya kazi yenye thamani sawa. Mkataba huo unahesabu kuwa ujira mshahara wa kawaida, wa msingi au wa kima cha chini, pamoja na malipo mengine yoyote ya nyongeza, yawe ya moja kwa moja au la, ya fedha au ya vitu, ambayo mwajiri humpa mfanyakazi kutokana na ajira. Sheria ya kodi ya nchi fulani inaweza kuwa na tafsiri finyu zaidi, lakini katika hatua hii ni afadhali orodha iwe pana. Kitu kilichoorodheshwa na kuonekana hakitozwi kodi hakimdhuru mtu. Kilichoachwa hakitajadiliwa kabisa.

Maswali ya kuuliza kuhusu kila malipo

Swali la kwanza ni kwamba malipo yanatolewa kwa ajili ya nini. Yanaweza kuwa ya muda uliofanyiwa kazi, ya matokeo, ya mazingira magumu, ya zamu za usiku, au ya kurudisha fedha ambazo mfanyakazi alizitoa mfukoni mwake kwa kazi ya mwajiri. Hapo posho za safari huhitaji uangalizi wa pekee. Fedha inayorudishwa kwa kiasi kilichothibitishwa kwa risiti si mapato ya mfanyakazi, ilhali kiwango maalumu kinacholipwa kila mwezi bila kudai uthibitisho, hata kikiitwa posho ya usafiri, katika sheria nyingi huhesabiwa kuwa sehemu ya mapato yake. Tengeneza vipengele viwili, kimoja cha marejesho na kingine cha posho, na usimruhusu anayeingiza data kuchagua kati yake kwa kubahatisha.

Swali la pili, na ndilo linalohitaji muda mwingi zaidi, linahusu wajibu: mwajiri alilazimika kulipa, au alitoa kwa hiari yake? Bonasi iliyoahidiwa kwa mkataba, au iliyotangazwa kwamba atakayefikia lengo fulani atapewa kiasi fulani, ni malipo ya kazi ambayo mfanyakazi anaweza kuyadai. Zawadi ambayo uongozi uliamua kuitoa baada ya kazi kwisha, bila ahadi na bila kipimo kilichotangazwa mapema, ni kitu kingine. Kwa kodi ya mapato mara nyingi zote mbili hutozwa. Tofauti hujitokeza katika misingi mingine, hasa kiwango cha saa za ziada, malipo ya likizo, na mafao ya kuachishwa kazi. Ukiona kipengele kinachoitwa "Bonasi" peke yake, chukulia kwamba swali hili halikuulizwa, urudi kwenye barua iliyoanzisha malipo hayo. Soma pia historia yake. Zawadi "ya hiari" iliyotolewa kila mwaka kwa kipimo kilekile, mpaka wafanyakazi wakaizoea na kuitegemea, inaweza kuhesabiwa kuwa haki yao mbele ya chombo cha kusuluhisha migogoro ya kazi, hata kama mwajiri hakuandika ahadi yoyote.

Maswali yaliyobaki hujibiwa haraka zaidi. Je, malipo hujirudia kila kipindi au ni ya mkupuo? Je, hupunguzwa mfanyakazi anapoanza kazi katikati ya mwezi? Je, yanalipwa kwa fedha au ni manufaa? Manufaa yasiyo ya fedha yasiwekwe katika kundi la stahili za kawaida, kwa kuwa programu itayaongeza kwenye kiasi kinachokwenda benki, na mfanyakazi aliyepewa nyumba atajikuta amelipwa pia thamani ya nyumba hiyo kwa fedha. Yawekwe katika kundi linaloongeza msingi wa kodi bila kuongeza malipo halisi.

Bonasi na kodi: sanduku linaloleta malalamiko mengi

Ziko njia tatu kuu ambazo programu hutumia kukata kodi kwenye malipo ya mkupuo, na kila nchi huchagua yake. Ya kwanza ni ya kulimbikiza, kama ilivyo kwa kodi ya mapato Uingereza: kila mwezi programu hujumlisha mapato yote tangu mwaka wa kodi ulipoanza, hukokotoa kodi inayostahili mpaka hapo, kisha huondoa iliyokwisha kukatwa. Ya pili ni ya kukadiria mwaka, ambapo mapato ya mwezi huzidishwa kwa 12, kodi ya mwaka hupatikana, kisha hugawanywa kwa 12. Ya tatu ni ya kiwango kimoja kisichobadilika kwa malipo yasiyo ya kawaida. Marekani, kwa mfano, humruhusu mwajiri kukata kodi ya serikali kuu ya asilimia 22 kwenye bonasi zilizotengwa na mshahara, mradi malipo ya aina hiyo hayajazidi dola 1,000,000 kwa mfanyakazi huyo katika mwaka.

Njia ya pili ndiyo inayodhihirisha madhara ya kuainisha vibaya. Tuchukue mfanyakazi mwenye mshahara wa 1,000,000 kwa mwezi ambaye amepata bonasi ya mara moja ya 2,400,000. Mapato yake halisi ya mwaka ni 12,000,000 ya mshahara na 2,400,000 ya bonasi, yaani 14,400,000. Iwapo kipengele cha bonasi kimewekewa alama ya malipo yanayojirudia, programu itajumlisha 3,400,000 za mwezi huo, itazidisha kwa 12, na kumkadiria kuwa mtu wa 40,800,000 kwa mwaka. Atapandishwa madaraja ya kodi ambayo hajawahi kuyakaribia, na makato ya mwezi huo yatamshtua. Huenda atarejeshewa hesabu za mwaka zitakapofungwa, lakini miezi ya kungoja ni yake. Alama sahihi ni ya malipo ya mara moja, ambapo programu huzidisha mshahara peke yake, huongeza bonasi bila kuizidisha, na kukata tofauti ya kodi kati ya mapato pamoja na bonasi na mapato bila bonasi.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Kamisheni inayolipwa kila mwezi ikiwekewa alama ya mara moja, katika njia hiyohiyo ya kukadiria, programu itamwona mfanyakazi kuwa na kipato kidogo kuliko alichonacho, itakata kodi pungufu mwaka mzima, na deni litamwangukia mwishoni. Kigezo cha kutenganisha ni kama malipo yanatarajiwa kurudi katika kipindi kijacho, hata kama kiasi chake hubadilika.

Kumbuka pia kwamba kodi na michango havifuati lazima njia moja. Mchango wa hifadhi ya jamii unaweza kuwa na ukomo wa kiasi kinachochangiwa kwa mwezi, ilhali kodi haina ukomo huo, hivyo bonasi kubwa itaongeza kodi kwa ukamilifu huku mchango ukisimama kwenye ukomo. Programu nyingi hushughulikia jambo hili vizuri, mradi ukomo umeandikwa kwenye msingi wa mchango na si ndani ya fomula ya kipengele kimoja.

Saa za ziada na bonasi ya uzalishaji

Usiziingize saa za ziada katika kipengele cha mshahara wa kawaida kwa kupandisha idadi ya saa. Zipe kipengele chake, na ikiwezekana tenganisha malipo ya saa yenyewe na nyongeza inayolipwa juu yake, kwa sababu misingi mingine huhesabu sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili.

Katika sheria zinazotaka bonasi iliyoahidiwa iingie katika kiwango cha saa, kama ile ya Marekani ya mwaka 1938 inayosimamia kima cha chini cha mshahara na saa za ziada, hesabu huenda hivi. Mfanyakazi analipwa 1,000 kwa saa na amefanya kazi saa 50 katika wiki ambayo saa 40 ndizo za kawaida. Amepata pia bonasi ya uzalishaji ya 5,000 kwa wiki hiyo. Saa 50 zinampa 50,000. Ukiongeza bonasi unapata 55,000, na ukigawanya kwa 50 kiwango chake cha kawaida kinakuwa 1,100. Nyongeza ya nusu ya kiwango hicho kwa saa 10 za ziada ni 550 mara 10, yaani 5,500. Kama kipengele cha bonasi hakikuwekewa alama ya kuingia katika msingi wa saa za ziada, programu itakokotoa 500 mara 10 na kumlipa 5,000. Pengo la 500 kwa wiki ni dogo kwa mtu mmoja, lakini katika kiwanda chenye wafanyakazi wengi, kwa miaka kadhaa, huwa deni la kisheria ambalo mwajiri hakujua kwamba analo. Pale ambapo sheria haitaki hivyo, sanduku hilo huachwa tupu, na uamuzi huo uandikwe mahali panapoonekana.

Malipo ya likizo yana swali linalofanana. Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1970 unataka mfanyakazi aliye likizo apate angalau ujira wake wa kawaida au wa wastani. Mtu ambaye sehemu kubwa ya kipato chake ni kamisheni hupoteza mengi iwapo wastani huo unakokotolewa kwa mshahara wa msingi pekee, kwa hiyo kabla ya kuliacha tupu sanduku la likizo kwenye kipengele cha kamisheni, soma sheria inayohusika inasemaje kuhusu wastani na kipindi cha kuutafuta.

Malimbikizo, bonasi iliyoahidiwa kamili, na leja

Nyongeza ya mshahara inayoanza kutumika nyuma ya tarehe ya uamuzi huzaa malimbikizo. Yapewe kipengele chake, chenye nafasi ya kuandika kipindi ambacho malipo yalistahili, tofauti na kipindi yanapolipwa. Sheria nyingine hutoza kodi kwa tarehe ya kulipwa huku pensheni ikihesabiwa kwa kipindi cha kustahili, na programu haiwezi kutimiza yote mawili ikiwa imepewa tarehe moja tu.

Wakati mwingine uongozi huahidi kiasi halisi, yaani fedha itakayofika mkononi baada ya makato. Hapo programu hutakiwa kuhesabu kwa kurudi nyuma, na wengi hukosea kwa kuongeza asilimia ya makato juu ya kiasi kilichoahidiwa. Kama makato yote kwa jumla ni asilimia 25 na mfanyakazi ameahidiwa 300,000 mkononi, kiasi ghafi, yaani kabla ya makato, ni 300,000 kugawanywa kwa 0.75, yaani 400,000. Ukiongeza asilimia 25 juu ya 300,000 utapata 375,000, na baada ya makato atapokea 281,250, ambazo ni pungufu ya ahadi. Kwa kuwa kodi mara nyingi hupanda kwa madaraja, ni salama zaidi kutumia sanduku la programu la kukokotoa kutoka malipo halisi kuliko kuandika fomula yako mwenyewe.

Kuhusu leja, kila kipengele huunganishwa na akaunti ya gharama. Bonasi zina jambo la ziada. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 19 kinamtaka mwajiri atambue gharama ya bonasi anapokuwa na wajibu wa sasa, wa kisheria au uliojengeka kwa mazoea, na kiasi chake kinaweza kukadiriwa kwa uhakika. Maana yake ni kwamba bonasi ya mwaka inayolipwa mwaka unaofuata huenda imekwisha kuandikwa kama gharama na kama deni. Siku ya kulipa, kipengele kielekezwe kwenye akaunti ya deni. Kikielekezwa tena kwenye gharama, bonasi ileile itaonekana mara mbili katika vitabu.

Kujaribu kabla ya kulipa

Unda mfanyakazi wa majaribio katika nakala ya mfumo isiyounganishwa na benki, na umpitishe katika hali zinazosumbua: mwezi kamili bila nyongeza, mwezi alioanza kazi katikati, mwezi wenye bonasi ya mkupuo, mwezi wenye malimbikizo, na mwezi wa mwisho wa ajira. Kokotoa kila hali kwa mkono kwanza, kisha linganisha msingi kwa msingi badala ya kutazama kiasi cha mwisho tu, kwa kuwa makosa mawili yanayofutana yanaweza kutoa jumla sahihi. Mtu aliyekokotoa asiwe ndiye aliyeweka alama kwenye visanduku.

Kipengele kilichokwisha kutumika kulipa watu kisibadilishwe alama zake. Kikifanyiwa mabadiliko, baadhi ya programu hukokotoa upya ripoti za nyuma na kuzifanya zisilingane na zile zilizokwisha kuwasilishwa kwa mamlaka ya kodi. Kifunge kwa tarehe ya mwisho, fungua kipya chenye tarehe ya kuanza, na andika katika nafasi ya maelezo ni waraka gani au kifungu gani cha sheria kilichosababisha mabadiliko na nani aliyeidhinisha.

Hatua ya mwisho ni majina yatakayoonekana kwenye hati ya mshahara. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, unaohusu ulinzi wa ujira, unataka wafanyakazi waelezwe mchanganuo wa ujira wao katika kila kipindi cha malipo, pale mchanganuo huo unapoweza kubadilika. Kwa hiyo usiunganishe vipengele vitano katika mstari mmoja wa "Stahili Nyingine" ili hati ionekane fupi. Andika bonasi ya uzalishaji kwenye mstari wake, malimbikizo kwenye mstari wake pamoja na miezi yanayohusu, na manufaa yasiyo ya fedha chini kabisa, kando na jumla, pakiwa na maelezo kwamba yameandikwa kwa ajili ya kodi na hayamo katika kiasi kilichopelekwa benki.